Kutoka Migombani hadi Barabarani

Aliyesimama juu ya jabali la Irente, Lushoto, huyaona magari ya Mombo na Mazinde yakipita bondeni, karibu mita 1,000 chini yake. Njia ya mkato hakuna. Dereva lazima apite Lushoto mjini, ashuke Soni, amalize kona zote za kilomita 33 hadi Mombo. Na kama amebeba mgonjwa wa rufaa ya hospitali ya Bombo, Tanga, safari nzima ni zaidi ya kilomita 150.

Lawama za gari la wagonjwa kuchelewa kwa kawaida huishia kwenye gari lenyewe. Watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walionyesha mwaka 1994 kwamba mjamzito hucheleweshwa mara tatu: katika kuamua kutafuta msaada, katika kufika kituoni na katika kuhudumiwa akishafika. Milima ya Usambara imeongeza lake hapo katikati. Nyumba nyingi ziko mteremkoni, ndani ya migomba, panapopita mguu na pengine pikipiki. Mgonjwa hubebwa kwa machela mpaka barabarani, na mvua za masika zikiporomosha udongo, barabara nayo haina hakika. Serikali ikileta gari jipya kesho, kipande hicho kitabaki vilevile.

Mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama ulilielewa jambo hili mapema. Ulijaribiwa Kanda ya Ziwa, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa Aprili 2022, Serikali ikishirikiana na Vodafone Foundation. Ndugu hupiga 115 bila malipo, mhudumu huuliza dalili za hatari, na gari la wagonjwa likiwa mbali huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Malipo yake huingia kwenye simu.

Lakini huduma hiyo ni ya wajawazito, waliojifungua karibuni na watoto wachanga. Mkulima aliyeanguka kutoka kwenye mti wa peasi hayumo. Kijana wa bodaboda aliyepinduka Soni hayumo pia. Ndugu zake watachangishana hela ya mafuta usiku huohuo.

Wapo watakaosema, na wana hoja, kwamba teksi haina oksijeni wala muuguzi. Kwa safari ya Bombo gari lenye vifaa halina mbadala. Lakini kutoka Irente hadi hospitali ya wilaya, mwendo wa kilomita chache tu, anatosha dereva jirani anayezijua kona na mwenye uhakika wa kulipwa. Namba ya simu ipo, utaratibu upo. Halmashauri ingeanza na majeruhi wa ajali, ikatenga fungu la mafuta yao.