Staha ya Mgonjwa Mbele ya Mkaguzi

Agosti 2006 polisi wa Uingereza walizima njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, na muda mfupi baadaye viwanja vingi vya ndege duniani vikapiga marufuku chupa za kimiminika zinazozidi mililita 100 katika mizigo ya mkononi. Kanuni hiyo haikuwasahau wagonjwa: dawa ziliruhusiwa kupita. Lakini kanuni ni jambo moja, na mkono unaopekua begi ni jambo jingine. Katikati ya hayo mawili ndipo mgonjwa anapoumia.

Mgonjwa wa kisukari, kwa kuogopa maswali, huificha insulini katika mzigo unaowekwa tumboni mwa ndege. Huko inaweza kuganda kwa baridi, na insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Mgonjwa wa saratani mwenye chupa ya mofini ya maji hutazamwa kama mchuuzi wa dawa za kulevya. Aliyetobolewa tumbo na kuwekewa mfuko wa choo hujinyima chakula na maji tangu usiku, asije akapekuliwa mfuko ukiwa umejaa. Basi woga wa kufedheheshwa huwa na madhara ya kiafya, sawa na dozi iliyorukwa.

Mwaka 2010 nchini Marekani, msafiri mmoja aliyewahi kuugua saratani ya kibofu alipapaswa hadi mfuko wake wa mkojo ukavuja na kumlowesha. Alijaribu kueleza hali yake, asisikilizwe. Mkuu wa mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, John Pistole, alimpigia simu na kumwomba radhi. Radhi ilikuwa ya haki, lakini sekunde chache za kusikiliza zingetosha kuiepusha aibu hiyo.

Haifai kumlaumu mkaguzi peke yake. Amebeba dhamana ya roho za abiria wote, foleni inamsukuma, na wapo wahalifu wanaoficha dawa za kulevya mwilini na kujifanya wagonjwa. Kwa hiyo mgonjwa hadai kuachwa bila kukaguliwa. Anadai kukaguliwa kwa njia isiyomdhuru: aulizwe kabla ya kuguswa, apelekwe faraghani, apekuliwe na mtu wa jinsia yake, na kifaa kilicho mwilini akishike mwenyewe. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo apite kwenye lango la kugundua chuma bila kusimama hapo, wala kigunduzi cha mkononi kisishikiliwe juu ya kifua chake. Mwenye pampu ya insulini akubaliwe kupapaswa kwa mkono, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huonya dhidi ya kuipitisha pampu kwenye eksirei.

Sehemu ya lawama inawarudia wahudumu wa afya. Mgonjwa anayepewa rufaa kwenda India hukabidhiwa picha, majibu ya maabara na tarehe ya miadi, lakini mara nyingi hapewi barua ya safari. Barua hiyo ni fupi: jina lake kama lilivyo katika pasipoti, ugonjwa, jina halisi la dawa na kipimo chake, kifaa alicho nacho mwilini, sahihi na muhuri. Dawa zibaki katika pakiti zake za asili. Anayebeba mofini au kodeini aelezwe mapema kwamba barua pekee huenda isitoshe. Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa mfano, hutaka kibali kabla ya safari.

Mgonjwa naye aseme mapema, kabla hajafika kwenye mashine, na awahi uwanjani ili haraka isimnyime subira.

Chuo kinachofundisha wauguzi hakishindwi kuwafundisha wakaguzi. Saa mbili katika mafunzo yao, pamoja na mfuko wa choo, mpira wa mkojo na pampu ya insulini mezani, zingewawezesha kuvitambua vitu hivyo kabla ya kuvikuta mwilini mwa mtu. Uwanja wa Gatwick, London, ulianzisha mwaka 2016 utepe wenye picha ya alizeti kwa abiria ambao ulemavu wao hauonekani kwa macho, na viwanja vingine vikaufuata. Utepe ni kitu cha bei ndogo. Kinachokosekana ni hospitali na viwanja vya ndege kuketi meza moja.