Binti mwenye filimbi



Wiki hii mama mmoja wa kikundi chetu ametuletea swali. Binti yake wa miaka 17 anataka kujifunza kuwa mwamuzi wa mpira, yule tunayemwita hapa kwetu arbitre. Baba yake amekataa. Anasema mwamuzi anatukanwa, na akiwa mwanamke anatukanwa mara mbili.

Kuhusu matusi baba hajasema uongo. Sisi wenyewe tunayasikia kila Jumapili, na mengine yanatoka vinywani mwa wamama. Lakini tumtazame kwanza Salima Mukansanga. Si mtu wa mbali: alizaliwa Rusizi, upande wa Rwanda, wilaya inayotazamana na Bukavu. Utotoni alipenda mpira wa kikapu. Alisomea uuguzi, huku akishika filimbi. Tarehe 18 Januari 2022, kule Yaoundé, alichezesha Zimbabwe na Guinea katika Kombe la Afrika la wanaume. Zimbabwe ilishinda 2-1. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mwamuzi wa kati katika kombe hilo kabla yake. Mwaka huohuo FIFA ikamwita Qatar, pamoja na Stéphanie Frappart wa Ufaransa na Yoshimi Yamashita wa Japani.

Hawakupewa nafasi kwa huruma. Mwamuzi hupimwa mbio: mita 40 kwa kasi, mara 6; kisha mita 75 za kukimbia na 25 za kutembea, mara 40. Mwanamke anayetaka kuchezesha wanaume lazima afikie muda wa wanaume. (Hata kusoma tu hesabu hiyo kunatuchosha, sisi tunaopanda kilima na ndoo.)

Njia yenyewe ni ndefu. Mtu anaanza na mechi za watoto na za mtaa, halafu ligi ya mji, ya jimbo, ya taifa. Shirikisho la nchi, kwetu FECOFA, ndilo linalopeleka majina FIFA, na beji ya FIFA ni ya mwaka mmoja tu: kila mwaka unahesabiwa upya. CAF ndiyo inayopanga waamuzi wa mechi za Afrika. Na kwa beji ya mwamuzi wa kati lazima uwe na miaka 25. Basi binti yetu ana miaka 8 mbele yake, hakuna haja ya kugombana mezani leo.

Jambo linalotusumbua zaidi ni pesa. Waamuzi wengi wa Afrika hawana mshahara. Wanalipwa kwa mechi, na mara nyingine malipo yanachelewa. Kwa hiyo tunamwambia mama: asiache masomo yake hata kidogo. Mukansanga alikuwa na uuguzi wake mkononi. Na Baba aambiwe kwa heshima kwamba hatuombi binti aende peke yake. Mafunzo yafanyike mchana, mtu mzima amsindikize, na tujue nani anamrudisha nyumbani mechi ikiisha, maana giza linaingia haraka na ekipe iliyoshindwa haina uvumilivu.

Wamama watatu wamekubali kupokezana kumsindikiza. Tunatafuta wa nne, wa siku ya Jumamosi.