Picha Isiyo na Jina



Katika ukurasa huu wa mambo ya nyumbani tumezoea kunena juu ya malezi, usafi na utunzaji wa vyombo. Mwezi huu twapenda kunena juu ya kitu kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho hutunzwa vibaya kuliko sufuria, yaani picha za watu wetu. Wengi hudhani ya kuwa picha ikiisha kufungiwa sandukuni imehifadhika. Sivyo. Picha yaweza kukaa miaka mia bila kuliwa na mdudu wala kuguswa na maji, na juu ya hayo ikawa imepotea, kwa sababu hakubaki mtu awezaye kusema, Huyu ni fulani. Ili neno hili lieleweke, tutaeleza habari za mji mmoja mdogo wa Marekani, ambao picha zake zilipaswa kuokolewa mara mbili: kwanza viliokolewa vioo, kisha yakaokolewa majina.

Mji huo ni Black River Falls, katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa nchi ile. Ni makao makuu ya wilaya ya Jackson, walakini hata leo wakazi wake hawafiki 4,000. Zamani palikuwa mahali pa kupasua mbao, kwa kuwa misitu ya misonobari ilikuwa mingi, na watu wengi walikuja kutoka Ulaya, hasa Norway, wakitafuta mashamba na kazi. Hapo ndipo alipofanya kazi ya kupiga picha mtu aitwaye Charles Van Schaick, aliyezaliwa mwaka 1852 na kufa mwaka 1946. Picha zake zaanza mwaka 1879 na kuishia mwaka 1942. Pamoja na kazi hiyo alikuwa hakimu mdogo wa mji.

Watu walimwendea kama vile tumwendeavyo fundi wa nguo. Walikuja bwana na bibi arusi, mama na mtoto mchanga, ndugu wawili waliovaa kofia mpya, mzee aliyetaka sura yake ibaki kwa wajukuu. Mnamo tarehe 6 Oktoba 1911, mto ulipofurika na kubomoa sehemu kubwa ya maduka ya mji, msiba huo nao ulipigwa picha.

Siku zile picha ilipigwa juu ya kioo. Kioo kilipakwa utando mwembamba wa gelatini yenye chumvi za fedha. Mwanga ulipoingia kwa jicho la kamera utando ule uligeuka, na baada ya kuogeshwa katika dawa sura ya mtu ilibaki, peupe pakionekana peusi na peusi pakionekana peupe. Kutokana na kioo kimoja zaweza kutolewa picha nyingi za karatasi. Kwa hiyo mwenye vioo vya fundi wa mji amekuwa na nyuso za mji mzima.

Lakini vioo ni vizito, huvunjika, tena hutaka nafasi kubwa. Fundi akifa, warithi huona ni mzigo. Katika nchi ile vioo vingi vya mafundi wengine vilikwanguliwa utando wake vikauzwa kuwa vioo vya kawaida, na sura za watu zikaoshwa pamoja na dawa. Yanenwa ya kuwa Van Schaick alipiga vioo vipatavyo 30,000. Sehemu yake tu, maelfu kadha, ilifika katika hifadhi ya Chama cha Historia cha Wisconsin, kilichoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Madison. Huo ndio wokovu wa kwanza, nasi twawashukuru walioufanya, maana bila vioo hakuna neno la kusema.

Sasa tazameni jambo lililofuata. Mwaka 1973 msomi aitwaye Michael Lesy alitoa kitabu kiitwacho Wisconsin Death Trip. Alichagua picha za Van Schaick, akaziweka pamoja na habari zilizochapwa katika gazeti la mji ule mwishoni mwa karne ya 19: watoto waliokufa kwa dondakoo, watu waliorukwa na akili, waliojiua, waliochoma maghala kwa moto, waliofilisika. Kitabu kilisomwa sana, na mwaka 1999 ikafanywa filamu yake. Habari zile hazikuwa za kutungwa. Walakini uso uliowekwa karibu na habari ya mwenda wazimu haukuwa lazima uso wa mtu yule. Pengine ulikuwa uso wa mkulima mwenye akili zake, aliyeketi kimya kwa kuwa ndiyo adabu ya kupigwa picha siku zile. Bila jina hakuweza kujitetea. Wasomaji wa mbali wakatazama macho makavu ya watu wale, wakasema, Mji huu ulikuwa mji wa huzuni na wazimu.

Zimo katika picha zile picha za watoto wachanga waliolazwa katika majeneza yao. Watu wa siku hizi huzitazama wakashtuka. Lakini sisi tuliozika watoto twajua maana yake. Mama yule hakuwa na picha nyingine ya mwanawe, wala hakutazamia kuipata tena. Alimwita fundi ili abaki na kitu cha kushika mkononi. Ilikuwa kazi ya upendo. Na laiti jina la mtoto na la mama lingalifuatana na picha, nani angethubutu kuigeuza kuwa kioja?

Hata hivyo jambo kubwa zaidi katika habari hii ni la watu wa Ho-Chunk. Nchi ile ilikuwa yao kabla wageni hawajafika. Wageni waliwaita Winnebago, jina walilolisikia kwa makabila mengine; wenyewe hujiita Ho-Chunk, na maana yake hufasiriwa kuwa watu wa sauti kuu. Kwa mapatano ya miaka 1829, 1832 na 1837 nchi yao ilitwaliwa. Tangu hapo serikali iliwahamisha kutoka mahali hata mahali: Iowa, Minnesota, South Dakota, Nebraska. Wengi walikataa kukaa ugenini, wakarudi kwao, wengine kwa miguu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1873 hata 1874 walikamatwa na kupelekwa mbali tena, na tena wengi wakarudi.

Basi fikirini. Hata miaka kumi haijapita tangu uhamisho ule, watu hao wanaingia katika chumba cha Van Schaick, wanalipa fedha yao wenyewe, wanaketi mbele ya pazia lililochorwa, na kusema kwa sura zao, Tungali hapa. Wanawake wamevaa shanga nyingi shingoni, mashuka mabegani na vipuli vya fedha masikioni. Wanaume wengine wamevaa suti na kofia, wengine mavazi ya baba zao, wengine mchanganyiko wa yote mawili. Misheni ilikuwako karibu na mji tangu mwaka 1878, nao waliokaa mbele ya kamera hawakulazimishwa na mtu kuchagua vazi hili au lile.

Siku zile wapiga picha wengine waliwaendea wenyeji wa Marekani wakitaka sura za watu wa kale tu. Edward S. Curtis, aliyekuwa mashuhuri kupita wengi, alipiga picha ya watu wawili ndani ya hema la Wapiegan, na kati yao palikuwa na saa; naye akaifuta, ili isionekane ya kuwa watu wale wanajua saa. Waho-Chunk wa Black River Falls hawakufutiwa kitu. Kila mtu alivaa alivyotaka, akaichukua picha yake nyumbani.

Lakini vioo vilipofika katika hifadhi, wengi wao hawakujulikana ni nani. Walikuwa watu wasio na jina, wa kutazamwa tu. Ndipo ilipoanza kazi ya pili, iliyokuwa ngumu kuliko ya kwanza. Ilifanywa na Waho-Chunk wenyewe pamoja na rafiki zao, kwa miaka mingi. Kati yao walikuwa Tom Jones, mpiga picha na mwalimu wa chuo kikuu. Amy Lonetree, mwandishi wa historia. Na George Greendeer, mjuzi wa nasaba za watu wake. Wenyeji wa taifa lile walisaidia kuzitambua nyuso, na wajuzi wa nasaba wakafuatia jamaa za kila mmoja.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi, kwa kuwa Mho-Chunk mmoja huweza kuwa na majina kadha. Liko jina la kuzaliwa kwa taratibu, kama sisi tunavyo Mosi na Pili: mwana wa kwanza wa kiume huitwa Kunu, na binti wa kwanza huitwa Hinu. Liko tena jina la ukoo, na liko jina la Kiingereza. Asiyezaliwa katika nyumba zile atayafungua wapi mafundo haya?

Mwaka 2011 kitabu chao kilitoka, People of the Big Voice, chenye picha zaidi ya 300, na chini yake yameandikwa majina kwa Kiingereza na kwa Kiho-Chunk. Hapo ndipo msomaji anapoona neno ambalo vioo peke yake havikuweza kusema. Yule msichana wa ukurasa huu ni dada wa yule wa ukurasa ule. Yule kijana aliyesimama na rafiki zake arudi baadaye na mkewe. Waliokuwa nyuso tu wamekuwa jamaa. Mtoto wa leo wa Ho-Chunk aweza kuweka kidole juu ya picha na kusema, Huyu ni mama wa bibi yangu. Tangu mwaka 1994 hata taifa lao la Wisconsin limeliacha jina la Winnebago na kuandikwa rasmi kwa jina lake lenyewe.

Wasomaji wapenzi, katika kitabu cha Yoshua, sura ya 4, mwasoma habari za mawe kumi na mawili yaliyotolewa katikati ya Yordani. Mawe yale yaliwekwa ili watoto waulize maana yake, na wazazi wajibu. Jiwe lisilo na mzazi wa kujibu ni jiwe tu, na picha ni hivyo hivyo. Wahenga nao walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi twawapa maonyo machache, ambayo kila nyumba yaweza kuyafuata bila gharama kubwa.

1. Andikeni majina leo, maadamu wazee wako hai. Tumieni penseli laini, nyuma ya picha, karibu na ukingo, bila kukandamiza. Wino hupenya na kutia madoa. Andikeni jina lote, baba yake, mahali na mwaka. Msiandike Mama au Babu tu; baada ya vizazi viwili itakuwa mama wa nani?

2. Shikeni picha pembeni kwa mikono mikavu. Msiibandike kwa gundi wala kwa utepe wa kunata, maana huacha rangi ya kahawia na kurarua karatasi.

3. Iwekeni katika bahasha ya karatasi safi, mahali pakavu, pasipo jua wala moshi wa jiko. Unyevu huotesha ukungu, na mchwa hawana heshima kwa mtu. Aliye na vioo vya zamani avisimamishe kwa ukingo, kila kimoja katika bahasha yake, wala asivirundike kimoja juu ya kingine.

4. Picha zilizomo katika simu nazo ni picha. Simu hufa kama mtu afavyo, nayo haiachi wosia. Zile za maana zitolewe katika karatasi, ziandikwe majina, na nakala ikae kwa ndugu mwingine.

5. Msiitupe picha ya babu kwa sababu amevaa hirizi au mavazi ya desturi za kale. Wako Wakristo wanaoona haya, wakaificha picha hiyo chini ya sanduku au kuichoma. Kumheshimu mzazi si kuisadiki dini yake ya zamani. Aliyekuzaa ni yule yule. Ukimfuta wewe, mgeni atakayekuja kesho atamsema apendavyo.

Nanyi walimu, jambo hili lafaa kuwa kazi ya shule. Mtume kila mtoto nyumbani akaulize jina la mtu mmoja katika picha moja ya zamani, alete maandishi yake. Mtaona jinsi wazee watakavyofurahi kuulizwa, na jinsi habari zitakavyofuata jina kama uzi ufuatavyo sindano.

Watu wa Ho-Chunk walihitaji miaka mingi kuyarudisha majina yaliyokuwa karibu kupotea. Sisi, ambao wazee wetu wangali barazani, twahitaji jioni moja na penseli. Mungu wetu hamsahau hata mmoja. Nasi tusiwe wavivu kuwakumbuka wachache aliotupa.

Bwana azibariki nyumba zenu.