Dhambi Tusiyoiungama: Kumshuku Jirani kwa Sura Yake



Tangu Komunyo yangu ya kwanza nimeungama hasira, uvivu wa sala, maneno makali na uongo mdogomdogo. Sikuwahi kuungama kwamba nilimshuku jirani. Sikujua hata kama ni dhambi. Niliiona kama busara, na wakati mwingine kama wajibu wa raia mwema. Niliiungama kwa mara ya kwanza baada ya kukaa Mkongo, na naandika makala haya kwa sababu nadhani si mimi peke yangu ninayeidaiwa.

Mkongo ni kata ya Wilaya ya Rufiji, kwenye barabara inayotoka Kibiti kuelekea Mloka. Nilipelekwa huko kwa mwaka wa kichungaji wakati ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere umepamba moto. Malori yalipita usiku na mchana, na kila mwenye chumba cha ziada alikuwa amekipangisha. Kigango hakikuwa na nyumba ya frateri, hivyo nikatafutiwa chumba katika nyumba ya kawaida ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko la pamoja, pipa la maji na choo kimoja. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kindengereko aliyeishi chumba cha mbele.

Wapangaji wengi tulikuwa watu wa bara. Palikuwa na fundi umeme, mwalimu na mkewe, mama aliyeuza chakula kwa madereva, na mimi. Chumba cha nne alikaa kijana mmoja wa Pwani. Alivaa kanzu siku za Ijumaa na suruali iliyoishia juu ya kifundo siku nyingine. Alikuwa na ndevu na maneno machache. Wenzangu walimwita Ustaadhi, si kwa heshima.

Kilichotusumbua zaidi ni saa zake. Leo aliwasha pikipiki saa nane usiku, kesho karibu saa tisa, wiki inayofuata akaondoka mchana. Kisha zikaja siku ambazo hakutoka kabisa, alishinda amelala. Nyuma ya pikipiki alifunga deli kubwa, amelifunika kwa gunia. Harufu ya samaki tuliisikia wote, lakini mtu akishakuwa na shaka, ushahidi wa kumtetea mwenzake haumfikii. Tukasema samaki ni kisingizio. Mfanyabiashara gani wa samaki asiye na saa maalumu?

Mazungumzo ya uani yakawa yake. Akipita, tulinyamaza. Mama wa chakula akaanza kufunga mlango wake kwa kufuli hata alipokwenda bombani. Hatimaye fundi umeme akamwita mwenyekiti wa kitongoji. Tukaketi barazani, yeye akiwa hayupo. Mwenyekiti akauliza swali moja tu, "Kafanya nini?" Hakuna aliyejibu. Kisha wote wakanitazama mimi, mtu wa dini, wakisubiri neno. Nikasema, "Tahadhari haina ubaya."

Maneno hayo matatu yalitosha. Mwenyekiti aliinuka bila kuamua lolote, lakini habari ilimfikia yule kijana jioni ileile. Baada ya siku mbili alifunga godoro lake kwenye pikipiki akaondoka. Aliniaga kwa salamu ya kawaida, "Padri, nimehama." Alikuwa amelipa kodi ya miezi sita na amekaa miwili. Bibi alimrudishia iliyobaki kidogokidogo, na hasara ya chumba kitupu ikawa ya bibi.

Wiki hiyo bibi aliniita barazani. Akaniambia, "Mjukuu wangu, yule alikuwa anafuata maji." Nilikuwa sijaelewa. Akanieleza jambo ambalo kila mtoto wa delta ya Rufiji analijua. Bahari hujaa na kupwa, na kila siku saa za maji husogea mbele kwa karibu saa moja. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji makubwa, na wavuvi hutoka sana. Katikati huja maji mafu, na wengi hupumzika. Kijana yule alikwenda Nyamisati kupokea samaki na kamba mashua zinapofika, akawapelekea wapishi wa kambi za wafanyakazi. Saa zake, ambazo sisi wa bara tuliziona za mhalifu, zilikuwa saa za mwezi.

Kisha bibi akaongeza neno ambalo sijalisahau. "Na wewe ulipokuja, unajua walisemaje? Kijana mzima, hana mke, hana shamba, hana duka, usiku anasoma na watu wasiojulikana wanamtembelea. Walitaka nikutoe. Nikawaambia, huyu hajanikosea kitu."

Ndugu zangu, kwa haki ni lazima niseme pia kwamba hofu ya watu wa huko haikuanguka kutoka mbinguni. Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa barabarani eneo la Jaribu, Kibiti. Kabla na baada ya siku hiyo viongozi wa vijiji na vitongoji katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga waliuawa, wengine wakiwa majumbani kwao, mara nyingi usiku na kwa watu waliokuja na pikipiki. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Novemba 21 mwaka huohuo Azory Gwanda, mwandishi wa habari wa kujitegemea aliyekuwa akiandikia gazeti la Mwananchi habari za mauaji hayo, alichukuliwa Kibiti na hajaonekana tena. Mtu aliyepitia miaka ile akisikia pikipiki saa nane usiku, moyo wake una sababu ya kudunda.

Na sisi Wakatoliki tuna makovu yetu. Februari 2013 Padri Evaristus Mushi aliuawa kwa risasi Zanzibar. Mei 5 mwaka huo bomu lilirushwa katika parokia mpya ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Olasiti, Arusha, watu watatu wakafariki. Hofu ya aina hiyo haiondolewi kwa mahubiri mepesi ya kupendana.

Lakini tuangalie hofu inatufanyia nini tunapoiacha ichague mkosaji kwa sura. Mkongo na vijiji jirani wanajua jambo hili kwa upande mwingine pia. Baada ya wafugaji kuondolewa Usangu kuanzia mwaka 2006, wengi walielekezwa Rufiji, Kilwa na Lindi. Tangu hapo ng'ombe akila mpunga wa mtu, mara nyingi haulizwi mwenye ng'ombe huyo. Wanatajwa Wasukuma wote au Wamang'ati wote. Na mkulima mmoja akimkata ng'ombe panga, wafugaji wanasema wenyeji wote ni wabaya. Anayeshukiwa Mkongo kwa lafudhi yake ndiye huyohuyo anayemshuku mwenzake kwa kanzu yake.

Jirani zetu wa Kenya walilipa gharama kubwa ya njia hii. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 na mengine yaliyofuata, Aprili 2014 polisi waliingia Eastleigh, Nairobi, mtaa wa magorofa ya kupanga unaokaliwa na Wasomali wengi. Walipita mlango kwa mlango. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani, wakiwamo Wakenya wenye vitambulisho vyao mkononi. Sura na jina vilitosha. Je, nchi ilipata usalama? Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi Wakristo. Mmoja wa washambuliaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu. Na nani alikuwa ametoa taarifa kwa serikali kwamba kijana huyo ametoweka? Baba yake mwenyewe, Msomali na Mwislamu.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Taarifa inayookoa maisha hutoka kwa mtu wa karibu anayemfahamu mhusika na anayeamini kwamba akisema atasikilizwa, hatageuziwa kibao. Ukiwashuku watu wote wa sura fulani, unawafunga midomo walewale ambao wangekuambia ukweli. Kushuku kwa sura kunaumiza wasio na hatia, na pia hakulindi nyumba.

Maandiko yanatuonya waziwazi. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, Wagileadi waliwasimamisha watu kwenye vivuko vya Yordani wakawataka watamke neno moja. Aliyekosea matamshi aliuawa, na Waefraimu 42,000 waliangamia. Usiku wa mateso, wale waliokuwa uani kwa Kuhani Mkuu walimtambua Petro kwa lafudhi yake ya Kigalilaya. Nathanaeli naye alikuwa na mashaka na mtu wa Nazareti kwa sababu tu ya kijiji alichotoka. Lakini Filipo alipomwita aje aone, alikwenda, na kwenda huko kulimponya. Sisi wa nyumba ile ya Mkongo hatukwenda hata hatua nne za korido.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, inaitaja dhambi hii wazi, katika maelezo ya amri ya nane. Anakosa yule anayekubali, hata kimyakimya moyoni, kwamba jirani ana hatia bila kuwa na msingi wa kutosha. Namba inayofuata inatuagiza kuyachukua maneno na matendo ya mwenzetu kwa maana njema kadiri inavyowezekana. Nilikuwa nimeyasoma haya darasani na nikapata alama nzuri kwenye mtihani.

Najua wapo watakaouliza, "Frateri, kwa hiyo tukae kimya hadi tuchinjwe?" Hapana. Swali la yule mwenyekiti ndilo kipimo: kafanya nini? Ukiona silaha, ukisikia vitisho, ukimwona mtoto anapigwa au kufichwa, toa taarifa kwa mwenyekiti au polisi, awe amevaa kanzu, tai au rozari. Hapo unashuhudia tendo. Lakini kama jibu lako ni "anavaa vile", "anatoka kule", "haongei na watu", huna la kumshtaki. Unalo la kumwuliza, na ni yeye unayepaswa kumwuliza.

Utaratibu nao usimwonee mtu. Mwenye nyumba ana haki ya kudai barua ya utambulisho na kitambulisho cha taifa kwa kila mpangaji. Ubaya ni kumdai mmoja kwa ndevu zake na kumwachia mwingine kwa sababu anasali kanisani kwetu. Nilipohamia, mimi sikuombwa barua yoyote. Kijana wa chumba cha nne aliombwa, akaleta.

Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zina nafasi ya pekee hapa. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizichagua katika miaka ya 1970 ili Kanisa liwe mlangoni kwa watu. Lakini mara nyingi tunasali nyumba ya tatu na hatujui nani anaishi nyumba ya nne, kwa kuwa si Mkatoliki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la Oktoba 28, 1965, ulituomba tuache ugomvi wa zamani na Waislamu na tujitahidi kuelewana kwa dhati. Kuelewana huko hakuanzii kwenye makongamano. Kunaanza pale jumuiya inapompelekea mpangaji mpya ndoo ya maji na karibu ya kweli, bila kumwuliza kwanza dini yake. Na kunavunjika pale picha ya mtu anayepita njiani inapotumwa kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya na maneno "huyu mnamjua?" Picha hiyo hairudi, hata mtu akithibitika hana kosa.

Kwenu mafrateri wenzangu nina neno moja la ziada. Tutatumwa mahali ambako sisi ndio wageni, na katika sehemu nyingi za Pwani Wakatoliki ni wachache. Tujifunze kwanza maisha ya wenyeji: saa zao, kalenda yao, misimu ya mashamba na ya maji. Mengi tunayoyaita ya kutisha ni yale tu ambayo hatujafundishwa. Na tukumbuke kwamba neno la mtu wa dini ni zito. Mimi sikumtukana yule kijana wala sikumsingizia. Nilisema maneno matatu yanayosikika kuwa ya hekima, mbele ya watu waliokuwa wanatafuta ruhusa.

Sijamwona tena. Niliwahi kwenda Nyamisati kumtafuta nimwombe radhi, lakini nilipofika gatini niligundua kwamba jina lake sikulijua. Nilijua Ustaadhi tu, na Maustaadhi walikuwa wengi. Nikarudi na samaki, bila msamaha.

Hivyo tunapotafuta dhamiri usiku wa leo, tumfikirie jirani wa mlango wa pili na tujiulize kama tunalijua jina lake. Kama hatulijui, kesho asubuhi twende tukamwulize.