Waacheni Wakatazame

Katika parokia moja ambako baadhi yetu tulitumwa wakati wa likizo, mume na mke waliotimiza jubilei ya miaka 25 ya ndoa walifunga safari ya Ulaya. Walipita Paris, Lyon na Geneva. Hawakujiunga na kundi la mahujaji, na waliporudi hawakuficha kitu: walisema walikwenda kutembea na kutazama. Maneno yakaanza. Kwenye jumuiya ikaulizwa, mtu anafikaje Ufaransa asifike Lourdes? Wengine wakakumbuka paa la kigango.

Sisi mafrateri wa falsafa tumelizungumza jambo hili mezani na uwanjani, hata tukabishana, na tumeona tuwatetee wale wawili.

Hoja ya fedha tuimalize haraka. Mtu aliyekopa SACCOS akaenda kupiga picha Paris huku ada ya mtoto haijalipwa, huyo hatumtetei. Lakini waliotoa zaka, wakasomesha watoto, wakaweka akiba miaka mingi, wana deni gani? Jirani yao aliponunua gari la pili hakuna aliyetaja paa la kigango.

Hoja ya Lourdes ndiyo nzito. Ndani yake kuna wazo kwamba safari ya Mkristo ni lazima iwe na jina la kidini, na kwamba kutazama tu ni kupoteza muda. Matokeo yake tunayajua sote: watu hutafuta neno "hija" la kuivisha safari, kisha nusu ya siku zinaishia madukani. Afadhali aliyesema kweli kwamba anakwenda kutembea.

Tuanzie Geneva, kwa kuwa mji ule una somo lake. Mtakatifu Fransisko wa Sales alikuwa Askofu wa Geneva, lakini mji ulikuwa mikononi mwa wafuasi wa Calvin, hivyo aliishi Annecy. Mwaka 1609 alitoa kitabu chake cha kuwaongoza walei katika maisha ya ibada. Anafundisha humo kwamba ibada ya mtu wa ndoa haiwezi kuwa ile ya mtawa. Kila mmoja amtafute Mungu kadiri ya wito wake. Tena anatenga sehemu ya kueleza burudani zilizo halali, yakiwamo matembezi na mazungumzo mazuri. Askofu aliyefungiwa nje ya mji wake mwenyewe hakuona aibu kuwaambia wanandoa wapumzike. Sisi tunaona aibu kwa niaba ya nani?

Mwaka 1610 askofu huyo, pamoja na Mtakatifu Yoana wa Chantal, alianzisha shirika la masista wa Visitasio. Karibu miaka 250 baadaye, Julai 1858, mji wa Alençon uliwaona Louis Martin, fundi saa, na Zélie, mfumaji wa lesi, wakifunga ndoa. Siku ileile walipanda treni hadi Le Mans kumtembelea dada yake Zélie, aliyekuwa mtawa wa Visitasio. Bibi harusi alilia sana pale, kwa sababu naye aliwahi kutamani utawa. Kama fungate halikuwa la kupendeza, lakini lilikuwa lao.

Hawa ndio wazazi wa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, na Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu kwa pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Zélie alikwenda Lourdes mwaka 1877 akiwa na saratani ya titi. Hakupona, alifariki Agosti mwaka huohuo. Louis, akiwa mjane, mwaka 1885 alisafiri na padre mmoja hadi Constantinople, akiona miji njiani. Mwaka 1887, kabla ya kuungana na hija ya Roma, aliwatembeza binti zake wawili Paris, akiwaonyesha mambo ya kuvutia ya jiji. Teresa aliandika baadaye kwamba kati ya yote aliyoyaona Paris, kilichomgusa ni kanisa la Notre-Dame des Victoires. Atakayetumia habari hii dhidi yetu akumbuke kwamba baba hakumpeleka kanisani peke yake. Alimwonyesha jiji, naye binti akachagua. Na walipofika Uswisi, milima ilimvuta Teresa kwa Mungu bila yeyote kumwambia kwamba hapo ni mahali pa hija.

Mwalimu mmoja alitupinga kwa kumtaja Mtakatifu Augustino. Ni kweli, katika Maungamo anasikitikia watu wanaokwenda kushangaa milima na bahari huku wamejisahau wao wenyewe. Mwaka 1336 Petrarca alipanda mlima Ventoux, kusini mwa Ufaransa, na kwa maelezo yake mwenyewe alifungua kitabu hicho kileleni akakutana na maneno hayohayo. Akashuka kimya. Hoja ni nzito, lakini tunadhani Augustino hakulaumu macho. Alilaumu kujisahau. Aristotle naye anaanza Metafizikia kwa kusema kwamba binadamu kwa asili anatamani kujua, na ushahidi anaoutoa ni furaha tunayoipata kwa kuona hata pasipo faida yoyote. Huwezi kutufundisha hilo darasani Jumatatu, kisha Jumapili ukawasema waliotoka kuona.

Kuna utalii tusioutetea. Paris kuna daraja linaloitwa Pont des Arts ambako wapenzi walikuwa wakifunga kufuli lenye majina yao, kisha wanatupa ufunguo mtoni. Juni 2014 sehemu ya ukingo ikaanguka kwa uzito. Mwaka uliofuata manispaa iliyaondoa makufuli, tani zipatazo 45, na mwaka 2017 baadhi yakapigwa mnada kusaidia wakimbizi. Tunacheka, lakini tuseme pia: aliyefunga kufuli alitaka kitu kisichofunguka, na jambo hilo Kanisa linalo. Wale wawili wa jubilei wamekaa miaka 25 bila kufuli.

Tuingie sasa makanisani, maana watalii wengi huingia humo. Mfalme Louis wa Tisa alijenga Sainte-Chapelle ili kutunza Taji la Miiba, nayo ikatabarukiwa mwaka 1248. Leo ni jengo la makumbusho chini ya serikali. Unakata tiketi, unatazama madirisha 15 ya vioo vya rangi, unatoka. Taji lenyewe limo Notre-Dame, mwendo mfupi kutoka hapo, na Notre-Dame kuingia ni bure. Lakini kanisa hilo nalo ni mali ya serikali kwa sheria ya 1905. Wakatoliki hulitumia tu. Mwaka 2024, lilipokaribia kufunguliwa baada ya moto wa tarehe 15 Aprili 2019, Waziri wa Utamaduni alipendekeza watalii walipe euro 5. Kanisa la Paris likashikilia kwamba kuingia kubaki bure.

Tunaona Kanisa lilikuwa sahihi, hata kama fedha hizo zingefaa kukarabati makanisa mengine. Ukiweka kiingilio cha watalii, lazima mlangoni awepo mtu wa kuuliza: wewe umekuja kusali au kutazama? Ni nani kati yetu anayeweza kulijibu swali hilo kwa uhakika, hata anapoingia kwenye kikanisa cha seminari saa 12 asubuhi? Watu wa jumuiya ile walifanya kazi ya bawabu huyo. Waliwauliza wanandoa swali ambalo Paris imekataa kuwauliza wageni wake.

Kwa msomaji mwenye ndoto ya safari kama hiyo, tuna machache ya kumwonyesha njia. Lyon, panda hadi Fourvière, kisha ukumbuke kwamba mwaka 177 waliuawa huko Wakristo, miongoni mwao mtumwa Blandina na askofu mzee Potino. Mrithi wa Potino, Ireneo, alikuwa mtu wa Asia. Imani ya Wafaransa ililetwa na wageni, sawa na yetu. Paris, ukishaona mnara wa Eiffel (uone, usijifanye umeuchoka kabla hujaufikia), tafuta mtaa wa Lhomond, namba 30. Ni nyumba ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lililomtuma Padre Antoine Horner, aliyeanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Kutoka Panthéon ni dakika chache kwa miguu.