Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu: Msije mkaipamba Nachingwea

Kwa Katibu Mtendaji,
Bodi ya Filamu Tanzania.

Ndugu Katibu Mtendaji,

Huku Nachingwea na Ruangwa filamu ya vita haikosi watu. Ikiwekwa ya Vita vya Kagera, kibanda umiza kinajaa, na Mwalimu Nyerere akifika kwenye hotuba yake ya sababu, nia na uwezo, wazee kwa vijana wanamtangulia maneno. Sina ugomvi na shangwe hiyo; Idi Amin wa Uganda alivamia, akatimuliwa. Ila tumezoea kuipima filamu ya vita kwa swali moja tu: imetusifu au haikutusifu?

Swali hilo litatuponza siku filamu ya ukombozi wa Msumbiji itakapofika kwenu kukaguliwa. Vita vile vilipikwa hapa. Kwenye mashamba ambayo Waingereza waliyaacha baada ya mpango wao wa karanga kuwashinda, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliweka kambi, na Samora Machel akawanoa wapiganaji wake. Mtengeneza filamu gani hatalipenda gwaride la Farm 17, kambi hiyo? Lakini mwaka 1975, hapahapa Nachingwea, Uria Simango, aliyepata kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisimamishwa mbele ya umati akasomeshwa ungamo la usaliti. Baadaye aliuawa bila kufikishwa mahakamani. Hilo nalo litapigwa picha?

Wenzetu wa Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, yamekwisha kuwakuta. Mwaka 1979 mwongozaji filamu Ruy Guerra aliwapiga picha watu wa Mueda wakiigiza wenyewe mauaji waliyofanyiwa na Wareno tarehe 16 Juni 1960. Wareno wanachezwa na wenyeji, tena kwa vichekesho, na watazamaji wanaangua kicheko katikati ya msiba wao. Wakubwa hawakupendezwa. Filamu ikakatwa, sehemu nyingine zikapigwa upya. Leo wachambuzi wanaisifu kwa ujasiri uleule uliowaudhi wakubwa, na nakala ya kwanza ndiyo wanayoililia.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, filamu ya namna hiyo ikija, mkasi wenu usianzie kwa Simango. Na kabla ya zulia jekundu la Dar es Salaam, ionyeshwe kwanza Nachingwea na Ruangwa, msimu wa korosho ukiisha, watu wakiwa na nafasi. Taa zikiwashwa, kipaza sauti kisianzie kwa mgeni rasmi. Wapeni wazee walioishi jirani na kambi ile. Wakisema siyo hivyo, mtengenezaji arudi kazini.

Wenu,
Mtazamaji wa Nachingwea