Omena Si Chakula cha Kuku

Katika mji huu wetu wa mahindi, mgeni wa heshima hukaangiwa tilapia mzima, mkia ukichungulia nje ya sahani. Omena hupikwa mgeni akishaondoka. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa omena ni wa kuku, ni wa mwisho wa mwezi mfuko ukiwa mtupu, na isitoshe ni wachungu. Watoto wanasikia, na wanakataa chakula ambacho hawajawahi kukionja kikiwa kimepikwa sawasawa.

Kwanza hadhi. Tilapia huyu wa Mto Nile tunayemtukuza aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na mbuta, yaani sangara, vilevile. Mbuta aliwala samaki wadogo waitwao fulu hadi aina nyingi zikatoweka, na ngege, tilapia wa asili, karibu aishe. Omena ni mwenyeji wa ziwa hilo, ambamo Mto Nzoia wetu humwaga maji yake, na misukosuko yote hiyo ameihimili. Minofu ya mbuta husafirishwa Ulaya, sisi tukauziwa mgongo wazi, na kuukaanga hatuoni haya. Iweje tumwonee haya samaki anayeliwa mzima, pamoja na mifupa yenye kalsiamu ambayo kwenye tilapia tunaitupia paka? Tanzania, dagaa wa Kigoma, samaki wadogo kama omena, ni zawadi ya kumpelekea mtu Dar es Salaam.

Uchungu ndio shtaka zito, na kosa ni la anayenunua bila kuangalia. Omena huvuliwa usiku kwa taa, kisha huanikwa juani. Mvua ikiwapata kabla hawajakauka, huharibika na kuwa wachungu. Hao ndio wapelekwe kwa kuku. Sokoni, chukua wachache kiganjani uwavunje. Mzuri ana rangi ya fedha na huvunjika kwa mlio mkavu. Aliyeharibika ni wa kahawia, hupindika, na mafuta yake yananuka. Mwombe mama muuzaji akupimie wa gunia jingine, na ulipe bei anayotaja.

Wachambue, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara kadhaa hadi usione mchanga chini ya karai. Wengi huwachemsha ili kuondoa harufu, halafu wakamwaga maji yale na ladha yote ikaenda nayo. Usifanye hivyo! Wakaange wakavu sufuriani mpaka waanze kulia ukiwageuza. Ndipo utie mafuta kidogo, vitunguu, nyanya za kutosha na dania, na mwishowe kikombe cha maziwa, moto ukiwa mdogo. Anayedai samaki na maziwa haviendani aonje kwanza.

Hoteli za barabara ya Eldoret kwenda Kitale ziwaandike omena wa maziwa kwenye ubao, juu kabisa, pamoja na ugali wake. Na kuanzia Aprili hadi Julai, Kenya inapofunga uvuvi wa omena, bei ipande kama ya kitu kingine chochote kinachotakiwa na watu.